Ada za Kutunza Dhahabu ya Uzeeni: Nani Analipwa, na kwa Kazi Gani?

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa elimu ya wanachama. Yamepigwa chapa kwa faida ya wenzetu waliokuwa kazini zamu ile.)



Tumepewa nusu saa kusema juu ya jambo ambalo wengi wenu mlipolisoma ubaoni mlicheka. Mlisema, "Watu wa reli na dhahabu, wapi na wapi?" Ni kweli. Hapa kati yetu hakuna mwenye dhahabu chini ya kitanda, na kama yuko asiseme, maana Nairobi hii ina wajanja wa dhahabu ya bandia wasiohesabika. Lakini tuna watoto wetu na ndugu zetu walioko Marekani, wanaofanya kazi hospitalini, katika nyumba za kutunzia wazee, na wengine wanaendesha malori. Hao wanapigiwa simu na kuandikiwa barua, wakiambiwa waondoe akiba yao ya uzeeni mahali ilipo na kuitia katika dhahabu. Wakishindwa kuamua wanawauliza baba zao, na baba zao wanatuuliza sisi.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Mzee mmoja wa karakana, mwenzetu wa miaka mingi, alituletea karatasi mbili alizotumiwa na binti yake aliyeko Texas. Binti ni muuguzi. Aliacha hospitali ya kwanza akahamia nyingine, na katika mfuko wa akiba wa kazi ile ya kwanza alikuwa na dola 18,000. Tukihesabu shilingi 130 kwa dola moja, hizo ni shilingi milioni mbili na zaidi ya laki tatu, jasho la miaka saba ya zamu za usiku. Kampuni mbili za dhahabu zimemwandikia, na kila moja inasema ada zake ndizo ndogo. Mzee akasema, "Ninyi mmezoea karatasi za chama. Nisomeeni na hizi." Tulikaa nazo jioni tatu kwa penseli na kitabu cha hesabu. Haya tunayowaambia ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza mjue akaunti hiyo ni kitu gani. Marekani, sheria ya mwaka 1974 ilimruhusu mtu binafsi kufungua akaunti yake mwenyewe ya uzeeni, mbali na mfuko wa kazini, na serikali humpunguzia kodi ili aweke akiba. Mwaka 1986 sheria iliruhusu sarafu za dhahabu na za fedha zinazopigwa na serikali yao ziingie katika akaunti hizo. Mwaka 1997 ikaongeza mikuo, yaani vipande vilivyoyeyushwa na kupigwa muhuri, vya dhahabu, fedha, platini na paladi, mradi viwe safi kwa kipimo kilichowekwa. Mkuo wa dhahabu yapasa uwe na sehemu 995 za dhahabu tupu katika kila sehemu 1,000. (Tukisema fedha leo tunasema ile madini nyeupe. Zile za kununulia unga tutaziita pesa, tusije tukachanganyikiwa.)

Basi katika jambo hili wako watu watatu, na kosa la kwanza la wengi ni kudhani ni mtu mmoja. Yuko mchuuzi, anayekuuzia dhahabu. Yuko mtunzaji, ambaye ni benki au kampuni iliyokubaliwa na idara ya kodi ya Marekani, na kazi yake ni kushika akaunti kwa jina lako, kuandika vitabu na kupeleka taarifa serikalini. Na yuko mwenye ghala, anayeiweka dhahabu yenyewe nyuma ya mlango wa chuma. Mchuuzi ndiye anayepiga simu, ndiye mwenye sauti tamu, ndiye anayekuletea karatasi za wale wawili. Lakini kila mmoja ana mfuko wake, na kila mmoja atatia mkono katika wako.

Sisi watu wa reli si wageni wa mpango huu. Mzigo ukishuka stesheni, wa kwanza ni yule aliyeuza mali, wa pili ni karani mwenye daftari na stakabadhi, wa tatu ni mlinzi wa ghala la mizigo. Daftari halilindi mzigo, wala mlinzi hajui bei yake. Na mzigo ukikaa siku nyingi bila kuchukuliwa, ada ya ghala huanza kuhesabiwa, hata ikafika siku mwenye mzigo anaona afadhali auache. Wenzetu wa dipo ya makontena kule Embakasi wamewaona wafanyabiashara wakishika kichwa siku za bure zikiisha. Tofauti ni kwamba dhahabu ya uzeeni haikai ghalani kwa siku tano. Inakaa miaka 20 au 30, na siku za bure ni chache sana.

Mwingine atauliza, kwa nini huyo binti asiiweke nyumbani kwake, akaokoa ada zote? Wako wachuuzi waliowashauri watu hivyo hivyo. Wanasema: unda kampuni ndogo kwa jina la akaunti yako, kampuni inunue sarafu, wewe uziweke katika sefu yako. Mwezi wa Novemba 2021 Mahakama ya Kodi ya Marekani ilitoa hukumu juu ya mke na mume waliofanya hayo, sarafu zikiwa za mamia ya maelfu ya dola. Mahakama ilisema kwamba mke, ambaye sarafu za akaunti yake zilibishaniwa, alipozishika mwenyewe bila mtu mwingine kumsimamia, alikuwa amekwisha kuzitoa katika akaunti, kwa hiyo kodi yake imefika. Njia hiyo basi si ya kuokoa ada. Kwa mtu aliye chini ya miaka 59 na nusu kuna na kodi ya ziada ya 10 kwa mia juu ya kodi ya kawaida.

Ikiwa lazima kulipa, tuangalie malipo yanahesabiwaje. Ada ni za namna mbili. Ya kwanza ni ada ya mkato: dola kadha kwa mwaka, uwe na kingi au kidogo. Ya pili ni ya kiasi kwa mia, yaani inapimwa kwa thamani ya dhahabu yako. Wachuuzi hupenda kusema ya mkato ni ya haki kwa sababu haipandi. Twaomba mfikiri. Tuseme mtunzaji anataka dola 100 na ghala dola 150, jumla 250 kwa mwaka. Mwenye dola 100,000 amelipa robo ya dola kwa kila mia yake. Mwenye dola 10,000 amelipa dola mbili na nusu kwa kila mia. Ghala ni lile lile, mlango ni ule ule, lakini maskini amelipa mara kumi. Ni kama kodi ya kichwa ya zamani, iliyomtoza kibarua sawa na mwenye duka.

Ada ya kwa mia nayo ina tabia yake. Inapanda pamoja na bei ya dhahabu, ingawa dhahabu haikuongezeka hata punje. Mtu mwenye wakia 10 (wakia ya wapima dhahabu ni gramu 31.1), bei ikiwa dola 2,000, kwa ada ya nusu kwa mia atalipa ghala dola 100. Bei ikifika dola 4,000, kama ilivyopita Oktoba 2025, atalipa 200. Mikuo ni ile ile, rafu ni ile ile. Mlinzi hakuongeza hata hatua moja.

Sasa tuje kwenye karatasi za binti wa mzee wetu. Tutaziita ya kwanza na ya pili, majina ya kampuni tumeyaacha.

Karatasi ya kwanza yasema: kufungua akaunti dola 50 mara moja, mtunzaji dola 125 kwa mwaka, ghala dola 150 kwa mwaka, dhahabu ikitengwa peke yake. Kwa hiyo kila mwaka ni dola 275.

Karatasi ya pili ina rangi nzuri na picha ya wazee wawili wanaocheka ufukweni. Yasema: kufungua akaunti bure, mwaka wa kwanza ada zote bure, baadaye mtunzaji dola 90, na ghala 0.6 kwa mia. Tukapiga hesabu: 0.6 kwa mia ya dola 18,000 ni dola 108, ukijumlisha 90 ni 198. Mzee alifurahi. Lakini mmoja wetu ana miwani mizuri, akasoma maandishi madogo ya chini kabisa: ada ya ghala haitapungua dola 120 kwa mwaka. Basi ni dola 210, si 198. Bado ni nafuu kuliko ya kwanza kwa dola 65 kila mwaka. Na itaendelea kuwa nafuu mpaka dhahabu yake ifike thamani ya karibu dola 31,000, hapo ile ya mkato ndiyo itakuwa nafuu.

Kama tungaliishia hapo tungalimwambia binti achukue ya pili. Ndivyo wanavyotaka uishie hapo. Karatasi zote mbili zimeandika ada za kutunza kwa herufi kubwa, lakini hakuna hata moja iliyoandika bei ya kununulia dhahabu yenyewe.

Tukamwomba binti apige simu kwa kampuni zote mbili siku moja, saa moja, aulize: sarafu ya wakia moja mtaniuzia kwa dola ngapi? Siku ile, ili hesabu iwe nyepesi, tuseme bei ya soko ilikuwa dola 4,000. Kampuni ya kwanza ilitaka 4,200. Ya pili ilitaka 4,480, ikisema sarafu zake ni za namna ya pekee. Ya kwanza imeongeza 5 kwa mia, ya pili 12 kwa mia.

Tulizeni masikio hapa, kwa maana hapa ndipo pesa zilipopotelea. Akitoa dola 18,000 kwa kampuni ya kwanza, anapata dhahabu ya thamani ya dola 17,143 kwa bei ya soko. Akizitoa kwa kampuni ya pili, anapata ya dola 16,071. Katika karatasi ya pili, dola 1,929 zimeondoka siku ya kwanza, kabla mlinzi hajafungua mlango wa ghala. Hizo ni ada za zaidi ya miaka tisa, zimeliwa kwa mpigo mmoja. Ile "bure" ya mwaka wa kwanza, basi, binti mwenyewe ndiye aliyeilipia.

Tukazilinganisha karatasi mbili upya. Kwa kununua, ya pili ni ghali kuliko ya kwanza kwa dola 1,071 hivi. Mwaka wa kwanza inarudisha dola 325, kwa sababu ya kwanza ingalitoza 275 na 50 za kufungua. Kisha inarudisha 65 kila mwaka. Tulihesabu mwaka kwa mwaka: baada ya miaka 12 mizima bado haijazirudisha zote. Na hiyo ni ikiwa bei ya dhahabu haikupanda, kwa maana ikipanda sana ada ya kwa mia itazidi ile ya mkato, na hapo haitarudisha tena kamwe.

Mzee alinyamaza kitambo, akasema, "Kumbe nilikuwa nahesabu nauli ya basi, na ng'ombe amekwisha ibiwa."

Neno jingine lililotusumbua ni kutengwa na kuchanganywa. Karatasi ya kwanza inatenga: dhahabu ya binti itawekwa peke yake, na siku ya kuitoa atapewa vipande vile vile. Ya pili inachanganya: yake itawekwa pamoja na ya wengine, na siku ya kutoa atapewa vya namna ile na uzito ule, si lazima vile vile. Kutenga kunataka nafasi na kazi, kwa hiyo ni ghali zaidi, mara nyingi kwa dola 50 hivi kwa mwaka. Je, yafaa kulipia? Kwa mkuo wa kawaida, wakia ni wakia, kama gunia la sukari lenye muhuri ule ule, haidhuru lipi utapewa. Tatizo halipo katika kuchanganywa. Tatizo ni kama vitu vipo kweli.

Mjini Wilmington, jimbo la Delaware, ambako maghala ya namna hii ni mengi, serikali ya Marekani ilimshtaki mwenye ghala moja mwezi wa Septemba 2022. Watu walikuwa wamelipa, wamepewa taarifa za kila mwaka zilizosema mali yako ipo. Msimamizi aliyewekwa na mahakama alipoingia kuhesabu, dhahabu na fedha nyingi za wateja hazikuonekana. Kwa hiyo swali la kuuliza ghala, kabla ya kuuliza dola ngapi, ni hili: nani wa nje huja kuhesabu vitu, huja mara ngapi, na bima ni ya kampuni gani, tena inafidia kiasi gani? Ghala lenye ada ndogo lisilojibu hayo ni sawa na lori lisilo na breki lenye nauli nafuu.

Tena mtunzaji asidhaniwe kuwa ni polisi. Wengi wanaona jina la benki katika karatasi wanapumua. Mtunzaji wa akaunti hizi hapimi kama bei uliyonunulia ilikuwa ya haki, wala hakushauri. Unamwagiza, anafanya, anatoza.

Juu ya fedha tuseme kwa kifupi, kwa sababu binti alikuwa ameshauriwa aweke nusu katika fedha. Fedha ni nafuu, basi ni kubwa kwa umbo. Dhahabu ya dola 10,000, kwa bei ya dola 4,000, ni wakia mbili na nusu, haifiki gramu 80, inaingia mfuko wa shati. Fedha ya dola 10,000, ikiwa wakia ni dola 50, ni wakia 200, zaidi ya kilo sita. Ghala linajua hivyo, na maghala mengine hutoza fedha kwa kiasi kikubwa kuliko dhahabu. Uliza ada ya kila madini peke yake.

Mwenye shamba akilipa mlinzi, shamba limezaa mahindi na mlinzi analipwa katika mahindi. Mwenye nyumba analipa rangi na mabati kutoka katika kodi ya wapangaji. Dhahabu haizai. Haitoi faida ya kila mwaka, haitoi riba. Ada inatoka mfukoni mwako, ama inatoka katika akaunti, na kama akaunti haina pesa taslimu itabidi kipande kiuzwe ili mlinzi alipwe. Yule mtumwa wa Injili aliyechimba shimo akaificha talanta ya bwana wake alikemewa sana, lakini walau yeye shimo hakulilipia ada.

Nao wanaosema bei ya dhahabu hupanda siku zote wanasahau miaka. Mwaka 2011 bei ilifika karibu dola 1,900 kwa wakia. Mwishoni mwa mwaka 2015 ilikuwa imeshuka mpaka kama dola 1,050. Haikuipita ile ya 2011 mpaka katikati ya mwaka 2020. Mtu aliyeweka dola 10,000 kileleni alingoja miaka tisa kuona 10,000 zake tena, na kwa ada ya dola 250 alikuwa amelipa 2,250 za kungojea. Baada ya hapo bei ilipanda sana, hatukatai, na waliovumilia wamecheka. Lakini miaka ya kungojea mlinzi hangoji.

Kutoka nako kuna malango. Akaunti ikifungwa kuna ada. Dhahabu ikitumwa nyumbani kuna nauli na bima. Ikiuzwa, mchuuzi ananunua chini ya bei ya soko. Na serikali ya Marekani haikuruhusu uiache humo milele: yapasa uanze kutoa sehemu kila mwaka ukifika miaka 73, na kwa waliozaliwa mwaka 1960 au baadaye, miaka 75. Sarafu haikatwi vipande kama muwa. Mwenye vipande vichache atauza kizima, atake asitake. Haya yote yaulizwe siku ya kuingia, maana siku ya kutoka hutakuwa na nguvu ya kubishana.

Tukamwuliza binti, kwani lazima uwe na mikuo yako mwenyewe? Iko njia nyingine ya kuwa na dhahabu katika akaunti ya uzeeni ya kawaida: kununua hisa za mfuko wa pamoja, ambao wenyewe umenunua dhahabu ya watu maelfu na kuiweka pamoja. Mkubwa wa Marekani, ulioanza mwaka 2004, dhahabu yake hutunzwa na mabenki makubwa, na gharama yake ni senti 40 kwa kila dola 100 kwa mwaka. Mwingine ni senti 25. Kwa dola 18,000 hizo ni dola 72, au 45, na hakuna ada ya ghala juu yake. Linganisha na 275 au 210. Hata sisi hapa, mwaka 2017 mfuko wa namna hiyo uliandikishwa katika soko la hisa la Nairobi. Una hasara yake: huwezi kwenda kudai wakia yako moja uishike mkononi. Anayeogopa mabenki hataupenda. Lakini asiyetaka chochote ila thamani ya dhahabu, halipi bei ya mlinzi mzima kwa kilo isiyofika moja.

Hapo ndipo tulipojiona sisi wenyewe. Katika Kenya, sheria ya mafao ya uzeeni ya mwaka 1997 imetenganisha watu katika mifuko yetu ya kazini: wadhamini, meneja anayewekeza, mtunzaji anayeshika mali, na mwendeshaji anayeandika vitabu. Anayeamua kununua asishike funguo. Sisi tunajua maana yake, kwa sababu karani wa tikiti hahesabu sanduku lake peke yake. Na kwa kuwa tuko wengi katika mfuko mmoja, mtunzaji anaajiriwa mara moja kwa wote. Yule muuguzi, akiwa peke yake Texas na dola zake 18,000, anasimama mbele ya ghala kama mteja mdogo asiye na sauti.

Lakini tuulizane kweli. Nani kati yetu anayejua mtunzaji wa mfuko wetu analipwa kiasi gani? Tuliuliza watu kumi na wawili pale karakana na hakuna aliyejua, na sisi wenyewe tuliokuwa tunasahihisha karatasi za Texas hatukujua. Tumezoea kutazama mstari wa mwisho, ule wa salio, tukakunja karatasi. Ada ya kwa mia inaonekana ndogo ikiandikwa "0.2", lakini ikiwa ni ya mfuko wa shilingi bilioni moja ni shilingi milioni mbili kwa mwaka, na hizo ni zetu. Hatusemi kwamba zimeibiwa. Kazi ya kutunza ni kazi, na mlinzi ana watoto. Tunasema mkutano wa mwaka wa wanachama upo kwa ajili hiyo, na wadhamini tuliowachagua sisi wanapaswa kuulizwa kwa shilingi, si kwa sehemu za mia: meneja ngapi, mtunzaji ngapi, mwendeshaji ngapi, mwaka huu na mwaka jana.

Binti ameandika tena wiki iliyopita. Karatasi ya pili ameirudisha. Kampuni ya kwanza aliiuliza mambo manne: jumla ya ada kwa mwaka kwa dola, bei ya kuuzia juu ya bei ya soko, nani anayekuja kuhesabu ghalani, na bei watakayonunulia tena siku ya kutoka. Matatu amejibiwa kwa maandishi. La nne wamesema litategemea hali ya soko siku hiyo. Naye amewajibu kwamba hataki bei, anataka kujua ni ngapi kwa mia chini ya soko, na mpaka wamwambie, dola 18,000 ziko pale pale katika mfuko wa kazi ya zamani. Anafikiri pia juu ya kuweka sehemu ndogo katika ule mfuko wa pamoja na kuacha iliyobaki. Baba yake angependa awe na sarafu hata moja ya kushika, lakini amesema hilo ni la uzee wake, si la hesabu.

Hesabu zetu zote zimebandikwa ubaoni karibu na mlango wa ofisi ya tawi, pamoja na zile za karatasi ya pili na maandishi yake madogo. Mwenye mtoto au ndugu Marekani na achukue nakala kwa katibu. Na kila mmoja alete taarifa yake ya mfuko ya mwaka uliopita katika mkutano ujao, tuzisome pamoja kuanzia mstari wa kwanza.